Kiti cha Marlys kwenye Ziwa Pelter

Asubuhi ile ya Alhamisi polka haikusikika.

Kila siku, kabla jua halijavuka vilele vya misonobari, Marlys Zastrow alikuwa akifungua dirisha dogo la trela lake, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, akaiweka redio ukingoni, na kambi nzima ikaamshwa na kodiani la polka, muziki wa dansi wa wazee wetu. Wageni walinung'unika siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu walijikuta wakikoroga kahawa kwa kufuata mdundo. Sasa palikuwa kimya. Tulisikia maji yakilamba mawe. Tulisikia ndege wa ziwani akiita kutoka ng'ambo, kwa sauti ile yake ya mtu anayecheka huku ameumia. Tulisikia mambo mengi ambayo polka ilikuwa imetufichia msimu mzima, na hakuna aliyeuliza kulikoni.

Kiti chake kilikuwapo, na hilo ndilo lililotutuliza. Kilikuwa kiti cha kukunja, cha kijani, kimeelekezwa ziwani, mbele ya lile duara la chuma la kuotea moto. Pikapu yake ilikuwapo. Trela lilikuwapo, pazia limeshushwa. Kwenye kambi za kaunti, ambako watu hukodi nafasi ya kupiga hema au kuegesha trela, kiti kikisimama kwenye nafasi, nafasi hiyo ina mwenyewe, na mambo ya mwenyewe hayaulizwi. Hukatizi katika nafasi ya mtu hata kama choo kiko upande wa pili na tumbo linakuendesha. Hodi inapigwa ukiwa barabarani, na asiyeitika anaachwa. Hema ni kitambaa tu na trela ni bati. Tusipostahiana kwa macho, tutakuwa kama watu wanaolala kitanda kimoja.

"Atakuwa anaumwa kichwa," alisema Bev Pufahl, jirani yake wa upande wa kushoto, huku akianika taulo.

"Au anamkumbuka marehemu Harlan," akajibu mumewe, Gaylord, fundi wa matrekta aliyestaafu, mtu mwenye tumbo la mbele na mzaha usiokwisha. "Mwezi huu ndio waliooana."

"Nikamwone?"

"Umwone alie? Mwache mwanamke wa watu. Mtu ana haki ya kulia bila mashahidi."

Tukaendelea na kahawa yetu.

Marlys alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, akaolewa kwenye shamba jingine la ng'ombe wa maziwa, barabara ileile, kusini kidogo. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni. Hukamuliwa siku ya harusi, siku ya msiba, siku ya Krismasi theluji ikiwa imefika madirishani. Kwa hiyo yeye na Harlan, tangu waoane, hawakuwahi kulala pamoja nje ya nyumba yao hata usiku mmoja, mpaka bei ya maziwa ilipowashinda wakauza mifugo. Lori lilipoondoka na ng'ombe wa mwisho, Harlan alisimama katikati ya zizi tupu asijue mikono yake aiweke wapi.

"Twende tukalale ziwani," Marlys alimwambia.

"Tukafanye nini?"

"Tukalale, Harlan. Watu hulala."

Waliazima hema kwa shemeji mmoja wakaja hapa Pelter, mwendo wa nusu saa tu kutoka kwao, ziwa ambalo walikuwa wakiliona kupitia dirisha la gari maisha yao yote. Saa ya kukamua ilipofika, wote wawili wakazinduka kwa pamoja gizani, wakakaa kitako, wakatazamana. Kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka majirani wakaanza kukohoa. Marlys alipenda kusimulia hayo. Alikuwa akifika kwenye kicheko anasita kidogo, anatazama maji, halafu anabadilisha mazungumzo.

Baada ya ng'ombe alipata kazi jikoni kwenye shule ya wilaya, akapikia watoto wa watu mpaka baadhi yao wakaleta watoto wao. Shule ikifungwa tu, yeye na Harlan walikuwa hapa, na trela dogo walilolinunua likiwa limekwisha kutumiwa na watu wengine. Alikuwa mkali wa sheria za kambi kuliko waliolipwa kuzilinda. Wiki ya sikukuu ya Julai Nne, nafasi zinapogombewa, kuna watu huja mapema katikati ya wiki, wakatega viti vinne kwenye nafasi nzuri kisha wakarudi zao mjini kulala vitanda vyao. Ubao wa langoni unasema wazi kwamba nafasi isiyolaliwa usiku itapewa mwingine, ila hakuna anayependa kuwa yeye wa kuvunja desturi ya kiti. Marlys alipenda. Alivisubiri viti hivyo usiku mmoja, asubuhi akavikunja vizuri, akavipanga mlangoni kwa mlinzi, na wenyewe walipofika wakifoka aliwajibu bila kuinua sauti: "Kiti hakilali, mwanangu. Anayelala ni mtu."

Huyo ndiye Marlys. Na ndiyo maana kiti kile cha kijani hakuna aliyekitilia shaka. Angekitilia shaka nani?

Moto, hata hivyo, ulikuwa wa Harlan. Jioni ikianza kupoa alikuwa akipiga magoti mbele ya duara la chuma, anapanga vijiti kwa utaratibu kama anayejenga kanisa, anapuliza mara moja, unawaka. Marlys alikaa kitini na kumkosoa. Harlan alipokufa, moyo wake ukisimama katikati ya majira ya baridi, Marlys alikuja kambini peke yake msimu uliofuata. Nadhani alidhani moto sasa ungekuwa wake.

Binti yake, Renae, hakutaka aje kabisa. Renae anafanya kazi ofisi ya bima huko kusini, na kazi hiyo imemfundisha kuona ajali hata kwenye kikombe cha chai. Pasaka ya mwaka ule, mezani, mbele ya nyama ya nguruwe iliyookwa, alimwambia mama yake: "Jambo moja tu, Mama. Ukianguka, ukipotea, ukizimia, jambo moja tu likitokea kule, trela linauzwa."

"Sawa," Marlys alijibu, kwa sababu aliona kwamba mwanawe haongei kwa ukali, anaongea kwa hofu. Na Marlys akisema sawa, imekuwa sawa.

Kisha Renae akampigia Bev simu akimsihi amwangalie mama yake. Bev si mtu wa kukaa na jambo. Kabla ya jioni kambi nzima ilijua kwamba Marlys akijikwaa tu, tutampoteza. Tukaazimia asijikwae.

Tulimzingira kwa wema. Akiinuka kuchota maji, kuna mtu kashachota. Akitazama juu kuona kama turubai linavuja, Gaylord kashapanda ngazi. Kuni zake zilipasuliwa, zikapangwa, zikafunikwa. Jioni, kabla hajatafuta kiberiti, Gaylord alikuwa tayari amepiga magoti pale mbele ya duara, anapuliza mashavu yakiwa yametuna.

"Ona huyu," Bev alikuwa akitania kwa sauti ya kusikika nafasi zote. "Amerithi moto wa marehemu. Karibu atarithi na mjane!"

"Moto tu!" Gaylord anajibu. "Mjane ananishinda nguvu."

Tulicheka. Marlys naye alicheka, mikono ameilaza mapajani, ameikunjua, kama mikono ya mtu aliyeambiwa asishike kitu.

Jioni ya Alhamisi ile isiyo na polka, Bev alipika tambi kwa nyama ya kusaga na jibini, akaoka kwenye bakuli la kioo. Alisimama barabarani akaita, "Marlys!" Kimya. Akaita tena kwa sauti ya chini kidogo, ile ya mtu asiyetaka kuitikiwa. Kisha akaenda kwa ncha za vidole, akaliweka bakuli kwenye meza ya mbao, akalifunika kwa karatasi ya aluminiamu, akarudi haraka kana kwamba ameiba. Usiku dhoruba ikapita juu ya ziwa. Ilikuja kutoka magharibi na upepo wa kuinamisha misonobari, na radi zikigonga ng'ambo, upande wa msitu wa jimbo, ambako hakuna barabara wala nyumba. Tulishikilia mahema yetu kwa ndani. Asubuhi ya Ijumaa bakuli lilikuwa chini, limerambwa mpaka linang'aa, na nyayo za rakuni, mnyama mwizi wa usiku, zimetapakaa mezani kama vidole vya watoto.

"Hakukigusa," Bev alisema akiliokota bakuli. "Nilijua. Ni vitunguu. Hapendi vitunguu, nami nikajaza."

"Labda hakulisikia bakuli," alisema Gaylord, lakini safari hii hakucheka. Alikuwa anakitazama kiti. Kilikuwa kimejaa maji ya mvua mpaka kitambaa kikafanya tumbo. Marlys hakuwa mtu wa kuacha kiti chake kwenye mvua.

Bado tulisimama barabarani. Hilo ndilo nilifikirialo mpaka leo. Tulikuwa watu wazima wanne au watano, vikombe mkononi, tumesimama kwenye changarawe mbele ya nafasi ya mwenzetu, na hakuna aliyevuka. Tulikuwa tumemfanyia kila kitu ambacho hakutuomba, na hili moja lililohitajika, kugonga bati la mlango wake, likatushinda.

Aliyevuka ni Renae. Alifika kabla ya adhuhuri kumtembelea mama yake, na pai ya cheri kwenye kiti cha mbele, akatusalimia, akaona nyuso zetu.

"Mama yuko wapi?"

"Amelala," alisema Bev. "Tunadhani amelala."

"Tangu lini?"

Tukatazama kiti kilicholowa. Renae akaenda moja kwa moja, akavuta mlango. Haukuwa umefungwa. Tulimsikia ndani akifungua na kufunga vikabati, kisha hatukumsikia. Alipotoka alikuwa ameshika redio, sijui kwa nini, ameikumbatia kifuani.

"Kitanda kimetandikwa," alisema. "Dawa zake hazipo. Kikaango hakipo. Nani alimwona mwisho?"

"Jumatano jioni," alisema Gaylord. "Nilimwashia moto. Akasema asante."

"Na jana?"

"Jana..." Gaylord akavua kofia. "Binti, jana hatukutaka kumsumbua."

Renae hakumtukana. Afadhali angemtukana. Aligeuka akatazama ziwa, nasi tukageuka naye, na hapo ndipo mtu mmoja akakumbuka mitumbwi. Kwenye ufuko, chini ya vichaka, watu huacha mitumbwi yao ikiwa imegeuzwa kifudifudi. Wa Harlan, wa bati, wenye kovu la rangi nyekundu ubavuni, haukuwapo. Palikuwa na alama yake tu kwenye majani, majani meupe yaliyokosa jua.

Bev akaanza kulia kwa sauti. Mama wa miaka sabini na kitu, mtumbwi wa bati, dhoruba ya jana. Hakukuwa na haja ya mtu kuyataja. Duwayne Lisk, mlinzi wa kambi ya kaunti, kijana mpole mwenye masikio mekundu, alikuja na boti yake ya injini huku akizungumza na ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, kwenye redio ya mkononi. Sauti ya upande wa pili ilikuwa inauliza mavazi. Alikuwa amevaa nini? Renae akafungua mdomo akakuta hajui. Mama yake alikuwa amevaa nini, hajui.

"Koti la Harlan," alisema Bev kutoka nyuma, kwenye machozi. "Lile la miraba. Halivui."

Ndipo tulipouona moshi. Ng'ambo, mahali ambapo msitu wa jimbo unashuka hadi majini, uzi mweupe ulikuwa unapanda kati ya mierezi, unakatika, unapanda tena. Moshi wa kuni zilizolowa.

"Wavuvi," alisema Duwayne.

"Wavuvi wasingekubali kuonekana na moto mbaya namna hiyo," alisema Gaylord, tayari ameshaanza kuelekea botini.

Tulipanda botini Renae, Gaylord, Duwayne na mimi. Maji yalikuwa ya kahawia, yamejaa matawi ya jana. Gaylord, ambaye hajawahi kukaa dakika tano bila kutania, alishika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili na kuyatazama maji kila upande, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma. Nilijua anatafuta nini. Wote tulikuwa tunakitafuta na kuomba tusikipate. Karibu na matete Renae akatoa sauti. Mbele yetu, kando ya maji, mtumbwi ulikuwa umegeuka chini juu, tumbo la bati liking'aa, na kovu jekundu likiwa wazi.

"Umepinduka," alisema. "Umepinduka, umepinduka."

Duwayne akazima injini. Boti ikateleza yenyewe. Kadiri tulivyokaribia, matete yakasogea, tukaona kwamba mtumbwi haukuwa majini. Ulikuwa nchi kavu, juu ya magogo mawili yaliyolazwa sambamba, umegeuzwa na kufungwa kwa kamba kwenye mti, na makasia yamechomekwa chini yake yasilowe. Umegeuzwa kama anavyogeuza mtu anayejua mvua inakuja, mtu anayetarajia kuutumia tena.

Gaylord alifunika uso kwa kofia yake. Mabega yalimtikisika. Hakuna aliyemtazama.

Marlys alikuwa amechuchumaa hatua chache juu ya ufuko, chini ya turubai lililofungwa kwa mierezi, ndani ya koti la miraba linalomfika magotini. Nyuma yake palikuwa na hema la zamani la turubai zito, limelegea upande mmoja. Nywele zilikuwa zimemganda kichwani, uso una masizi, na kwenye kikaango samaki wadogo wa ziwani walikuwa wanakaangika kwenye siagi. Moto wenyewe ulikuwa wa ajabu: umepindia upande, unafuka moshi, unawaka hapa na kuzimika pale.

Alituona. Akatutazama mmoja mmoja, kama mpishi anavyotazama foleni iliyokuja kabla ya kengele.

"Mama!" Renae alisimama akashindwa kwenda mbele. "Mama, tumekutafuta ziwani!"

"Ziwani kuna nini? Mimi niko hapa."

"Tulidhani umezama!"

"Nimezama vipi na mtumbwi nimeufunga?" Kisha akauona uso wa mwanawe vizuri, na sauti yake ikashuka. "Njoo hapa. Njoo, mwanangu. Usikanyage kikaango."

Wakashikana. Renae alikuwa mrefu kuliko mama yake kwa kichwa kizima, na bado ndiye aliyeonekana mdogo. Sisi wengine tukasimama tukitazama miti. Gaylord, kwa kukosa cha kufanya na machozi yake, akainama, akaokota kigogo kikavu, akaanza kukisogeza kwenye moto.

"Gaylord Pufahl."

Akasita.

"Toa mkono wako hapo. Huo moto ni wangu."

Akautoa. Alikirudisha kigogo alipokitoa, polepole, akakiweka kama kilivyokuwa.

Marlys akafuta pua kwa mkono wa koti. "Sijakasirika," alisema. "Msidhani nimekasirika. Ila tangu Harlan azikwe sijawasha moto hata mmoja kwenye kambi. Nikiinama, kuni zimepasuliwa. Nikigeuka, maji yamechotwa. Mnanifanyia kama vile mimi ndiye niliyekufa. Nilitaka kujua kama naweza. Basi. Nikaona kule hamtaniacha nijue, nikaondoka kabla hamjaamka."

"Ungesema," Gaylord alisema.

"Nikuambie wewe? Ungekuja kunishikia mtumbwi."

Gaylord akaigeuza kofia yake mkononi. "Ningekuja," alikiri.

"Na umeweza?" Renae aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli.

Marlys aliutazama moto wake. "Nimemaliza kiberiti kizima. Jana mchana uliwaka vizuri, nikajiona malkia. Halafu dhoruba ikaja ikauzima, hema likavuja, nikaogopa, Renae. Niliogopa mpaka nikamwomba Mungu kwa Kijerumani cha bibi yangu, na Kijerumani chenyewe sikijui. Leo asubuhi nilichuna gome jeupe la mti ulioanguka, nikalikausha kwapani. Njiti ya mwisho." Akauonyesha moto kwa kidevu. "Ndiyo huo. Mbaya, lakini samaki hawajalalamika."

Duwayne alikuwa amekwisha kusema kwenye redio yake kwamba amepatikana, ni mzima, hahitaji mtu. Alisema neno hilo, mzima, mara tatu, ingawa upande wa pili walimsikia tangu mara ya kwanza.

Renae alikaa kwenye gogo. Mama yake akampa samaki kwenye kifuniko cha sufuria, akala kwa vidole, miiba akiitemea motoni. Alikula kama mtu aliyetoka kufunga. Mbu walituzunguka, na mafuta yakitatarika.

"Tulikubaliana," Renae alisema hatimaye. "Jambo moja."

"Najua tulichokubaliana. Jambo gani limetokea? Nimelala ndani ya hema. Watu huja msituni kulala ndani ya hema."

Renae akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa nusu kwikwi. Akajifuta kwa kiganja chenye siagi. "Trela linabaki," alisema. "Ila utaniambia unakokwenda. Kila mara. Siku unayokwenda na siku unayorudi."

"Nikikuambia, utanifuata?"

"Sitakufuata."

"Na Bev hutampigia?"

Renae akatema mwiba. "Sitampigia."

"Basi nitakuambia." Marlys akampa samaki mwingine. "Kula. Umekonda kwa hayo mabima yenu."

Tuliporudi, kambi nzima ilikuwa ufukweni. Bev alimkumbatia Marlys akimuuliza mara kwa mara kama kweli haikuwa vitunguu. Mtu alipiga makofi na wengine wakafuata, kisha wote wakaona haya, wakaanza kukunja na kukunjua vitu. Hewa ilikuwa nyepesi baada ya mvua. Watoto walikuwa wamerudi majini. Nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo ambao hakujua ameubeba kichwani tangu jana asubuhi, aliposikia kimya akanywa kahawa yake.

Marlys alienda mpaka kwenye nafasi yake, akakiinua kiti, akamwaga maji, akakikunja.

"Duwayne," aliita. "Jana usiku nafasi hii haikulaliwa. Ubao unasema nini?"

Masikio ya Duwayne yakazidi wekundu. "Bi Zastrow, hakuna aliyelalamika."

"Mimi nalalamika. Langoni kuna watu?"

Walikuwapo. Mume, mke na watoto, ndani ya gari lililosheheni magodoro, wamezuiwa tangu asubuhi kwa kuwa kambi imejaa, na bado hawajapata moyo wa kugeuza. Sote tulimsihi. Gaylord alimwambia kwamba dhoruba si kosa la mtu. Bev alisema kwamba sheria ni za wageni. Marlys alituacha tumalize.

"Miaka yote nimewakunjia watu viti vyao," alisema. "Nikijisamehe mimi, nitawatazama vipi?"

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Harlan afe. Alimwomba Gaylord msaada. Alimwomba asimame nyuma amwongoze kwa mkono wakati yeye mwenyewe anarudisha pikapu mpaka kwenye ndoana ya trela. Gaylord akasimama wima kama askari. Marlys alikosa, akasogea, akakosa, akakwaruza kidogo, akapata. Wageni wa langoni walikuwa wameegesha kando wakingoja, watoto wametoa vichwa madirishani.

"Sasa mimi nitapasua kuni za nani?" Gaylord aliuliza akifunga mnyororo wa trela.

"Pasua za mkeo. Bev ana miaka arobaini anasubiri."

"Na minne," alisema Bev.

Renae alitangulia na gari lake, pai ikiwa bado nzima kwenye kiti cha mbele, kwa sababu katika yote yale hakuna aliyekumbuka kuikata. Marlys akamfuata taratibu, trela likiyumba kwenye makorongo ya mvua.

Hakurudi Pelter. Majira yaliyofuata aliomba kujitolea kwenye msitu wa jimbo, na sasa ni mwenyeji, yaani mtu anayeishi hapo msimu mzima akipokea wageni, wa kambi moja ndogo huko kaskazini, isiyo na umeme, yenye bomba moja la mkono na nafasi chache kando ya mto. Renae anajua siku aliyokwenda. Atakuwa huko mpaka bomba lifungwe kabla ya barafu, mwezi wa Oktoba.